Chevelle ya 1969, difu ya 4.10 na barabara ya Dallas

Anayeuza Chevelle SS 396 ya 1969, gari la Chevrolet lenye injini kubwa ya inchi za ujazo 396, huanza na injini. Kisha atakuonyesha rangi, viti, na namba zilizogongwa kwenye bloku ili uamini kwamba injini ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Habari ya difu, yaani gia za nyuma zinazopeleka mzunguko wa injini kwenye matairi, huja mwishoni, tena kwa kujisifu: "Nyuma ina 4.10." Wanunuzi wengi hutikisa kichwa kwa kuridhika na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Mimi nasema namba hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama gari hilo utasafiri nalo au utakuwa unalitoa gereji Jumapili, unazunguka nalo mtaani na kulirudisha.

Naishi Houston. Ndugu na marafiki tuliotoka nao nyumbani wamegawanyika, wengine huku, wengine Dallas. Harusi ikiwa kule tunakwenda, msiba ukiwa kule tunakwenda. Ni karibu kilomita 385 kwa barabara ya I-45, kupitia Huntsville, Madisonville, Buffalo na Corsicana, na sehemu kubwa ya njia inaruhusu maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120 na kidogo. Gari nililolipenda tangu ujana nilitaka nilitumie kwa safari hizo, na mke wangu akae pembeni. Baada ya safari ya kwanza aliniambia, "Baba watoto, mimi gari hili silipandi tena mpaka Dallas. Tumefika koo zimekauka kwa kupiga kelele." Alikuwa na haki kabisa. Injini ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu kuanzia tunatoka mjini mpaka tunafika, bila kupumzika hata dakika moja.

Kwa nini inaimba hivyo? Difu ya 4.10 maana yake propela shafti, lile bomba linalotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara nne na nukta moja ili tairi lizunguke mara moja. Ndani ya difu kuna krauni yenye meno 41 inayosukumwa na pinioni yenye meno 10; gawanya utapata 4.10. Giaboksi ya otomatiki ya Turbo 400 iliyo kwenye gari langu ina gia tatu tu: ya kwanza 2.48, ya pili 1.48, na ya tatu ni moja kwa moja. Kwa hiyo ukishafika gia ya juu, injini na propela zinazunguka sawasawa, na hakuna gia nyingine ya kuipa injini nafuu. Hata wenye giaboksi za mkono za Muncie za wakati ule, gia yao ya nne ni hiyo hiyo ya moja kwa moja. Nafuu yote lazima itoke kwenye difu.

Sasa tupige hesabu, maana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kilomita 120 kwa saa ni mita 2,000 kwa dakika. Matairi yangu ni 235/60R15, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 663, na mzingo wake mita 2.08. Gawanya 2,000 kwa 2.08, unapata tairi linazunguka takriban mara 960 kwa dakika. Hiyo 960 ndiyo namba yangu ya kazi. Kila difu ninayoifikiria naizidisha nayo. Kwa 4.10, injini inazunguka karibu mara 3,940 kwa dakika. Kwa 3.73, karibu 3,580. Kwa 3.31, karibu 3,180. Kwa 2.73, karibu 2,620. Ongeza kidogo kwenye kila moja, kwa kuwa konveta ya Turbo 400, kile kifaa cha majimaji kinachounganisha injini na giaboksi, haina kufuli na siku zote huteleza kiasi.

Mizunguko 3,940 haiivunji injini ya 396. Lakini kuikalia kwa saa tatu na nusu ni habari nyingine. Oili inapata moto, mafuta yanakwenda, mlio wa ekzosi unajaa ndani mpaka kifua kinatetema, na ukitaka kulipita lori huna nafasi kubwa iliyobaki juu, kwa sababu injini ya 396 ya daraja la kwanza, ile ya farasi 325, inatoa nguvu yake ya mwisho kwenye mizunguko 4,800.

Waliotengeneza magari haya walijua wanachofanya. Zilikuwa zama za mbio za robo maili, mita 402, kutoka kusimama mpaka mstari wa mwisho, na za vijana kupimana ubavu kutoka taa hadi taa kwenye barabara ya Woodward kule Detroit. Kwa mbio ya aina hiyo gia fupi, yaani difu yenye namba kubwa, ni dawa: gari linatoka kwa nguvu, na linafika mwisho wa robo maili injini ikiwa bado kwenye nguvu zake. Petroli ilikuwa rahisi. Halafu ukaja mgogoro wa mafuta wa 1973, na Januari 1974 Rais Nixon akatia saini sheria iliyoshusha mwendo nchi nzima hadi maili 55 kwa saa. Kwa mwendo huo, kama kilomita 88, hata 4.10 inazungusha injini mara 2,900 tu, na mtu anaweza kuishi nayo. Mwaka 1987 majimbo yaliruhusiwa kupandisha hadi maili 65 kwenye barabara kuu za mashambani, na mwaka 1995 sheria ile ikafutwa kabisa. Leo hapa Texas kuna kipande cha barabara ya SH 130, kati ya Austin na Seguin, kilichofunguliwa 2012, chenye ruhusa ya maili 85. Pale 4.10 yangu ingetaka karibu mizunguko 4,500. Gari ni lile lile la 1969; barabara ndiyo iliyobadilika mwendo.

Kwa watu wa nyumbani suala la difu huwa ni la mzigo na mlima. Fundi wa malori anayeshughulika na magari yanayopanda Kitonga hahitaji kuelezwa kwa nini lori lina gia fupi nyuma. Lori lina tani na mlima uko mbele yake. Chevelle langu lina takriban kilo 1,700, abiria wawili, begi la nguo za harusi, na mbele yake ni tambarare ya Texas. Mlima wa kupandwa haupo.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu hupewa ni kubadilisha matairi, kuweka makubwa zaidi nyuma. Inasaidia, lakini kidogo. Tairi la 275/60R15 lina kipenyo cha kama milimita 711. Kwa kilomita 120 linazunguka mara 895 badala ya 960, na kwa 4.10 injini inashuka hadi karibu 3,670. Umepunguza mizunguko 270 hivi, na umepata tairi pana linalotaka kugusa bodi kila ukikata kona na mzigo ukiwa nyuma. Sikutaka hilo. Ila jambo moja lizingatiwe: usinunue krauni na pinioni kabla hujajua tairi utakalobaki nalo, kwa sababu mabadiliko ya tairi yanaweza kula nusu ya mabadiliko ya difu, au kuyazidisha kuliko ulivyotaka.

Kwa hiyo difu. Swali ni ishuke mpaka wapi.

Wapo wanaosema nenda moja kwa moja 2.73, ile gia ya magari ya kifamilia, injini ilale kwenye 2,600 na maisha yaendelee. Ninaelewa kivutio chake, lakini kwa gari hili nakataa, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya tabia ya gari. Muscle car, yaani gari la injini kubwa kama hili, ikiondoka kwenye taa kwa uvivu, umebakiwa na rangi na mlio tu. Ya pili iko ndani ya difu yenyewe.

Difu hii ni ile ambayo mafundi wa General Motors wanaiita ya bolti 12, kwa idadi ya bolti za mfuniko wake wa nyuma. Krauni yake ina kipenyo cha inchi 8.875, na inafungwa kwenye kibebeo, kile kikombe cha chuma kinachobeba gia ndogo za kugawa nguvu na, kwenye gari langu, klachi za Positraction, zinazofanya matairi yote mawili ya nyuma yasukume pamoja. Vibebeo hivyo viko vya aina tatu, na havibadilishani ovyo. Kibebeo cha mfululizo wa pili ni cha 2.73 na zilizo chini yake. Cha mfululizo wa tatu kinachukua 3.07, 3.31, 3.55 na 3.73. Cha nne ni cha 4.10 na kwenda juu. Sababu ni kwamba gia ikiwa fupi, pinioni inakuwa nyembamba, na krauni lazima isogee upande wa pinioni ili meno yakutane. Kwa hiyo anayetoka 3.73 kwenda 3.31 anabaki na kibebeo chake na Positraction yake, anayetaka 2.73 ananunua kibebeo kingine, na bei inapanda sana.

Wengi huambiwa kwamba 4.10 lazima ikae kwenye kibebeo cha nne, na kwa gia za kiwandani ni kweli. Lakini zipo krauni nene zilizotengenezwa ili 4.10 ifungwe kwenye kibebeo cha tatu, na watu wa mbio wamezitumia kwa miaka mingi. Kwa hiyo usiagize chochote kabla ya kufungua mfuniko. Kwanza inua gari, matairi yote mawili ya nyuma yakiwa hewani, weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, zungusha tairi mara moja na hesabu propela imezunguka mara ngapi. Kwa Positraction iliyo hai matairi yote yatakwenda upande mmoja. Kwa difu ya kawaida moja litarudi nyuma. Hapo shikilia tairi moja lisizunguke na uzungushe jingine mara mbili. Ukishapata jibu, fungua mfuniko, mwaga oili, na usome namba zilizogongwa pembeni mwa krauni. Mara nyingi hesabu ya meno imeandikwa pale pale. Yangu ilikuwa 41 na 10, na krauni ilikuwa nene. Kibebeo kilikuwa cha tatu. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu maana yake mlango wa 3.31 ulikuwa wazi bila kununua kibebeo.

Na 3.31 ndiyo niliyoichagua. Krauni meno 43, pinioni meno 13. Ni gia iliyotoka kiwandani kwenye SS 396 nyingi za otomatiki, kwa hiyo silipeleki gari mahali ambapo halijawahi kuwa. Nilichoangalia zaidi ni msukumo wa injini. Injini ya 396 ya farasi 325 inatoa futi-pauni 410, karibu Nm 556, na inazitoa kwenye mizunguko 3,200. Rudi kwenye hesabu yetu: kwa 3.31, kilomita 120 ni mizunguko karibu 3,180. Injini inakaa pale pale msukumo wake ulipo mwingi, kwa hiyo ukigusa mafuta kulipita lori, gari linakwenda bila hata kushuka gia. Pale mwanzo wa kuondoka nimepoteza karibu asilimia 19 ya uzidishaji wa nguvu, sikatai. Lakini injini ya lita 6.5 ina msukumo wa kutosha kuanzia chini kabisa. Mwenye injini ndogo yenye kamshafti ya mbio, ile isiyoamka kabla ya mizunguko 3,000, hesabu yake ni nyingine, na kwake 3.55 ingeweza kuwa na maana zaidi.

Kazi yenyewe ya kufunga inataka mtu mwenye subira. Wenye Ford wanaotumia difu ya inchi 9 wamebahatika hapa: kichwa chote cha difu kinatoka kwa mbele, unakifunga mezani ukiwa umesimama, na mtu anaweza kuwa na vichwa viwili, kimoja cha mbio na kimoja cha safari. Mopar, yaani magari ya Chrysler, yenye difu ya inchi 8¾ ni hivyo hivyo. Chevelle inafanyiwa kazi chini ya gari. Fundi niliyemwendea, mzee anayefunga difu tangu ujana wake, alitoa pini ya katikati, akazisukuma hafu shafti ndani kidogo, akachomoa zile klipu zenye umbo la herufi C zinazozishika, ndipo kibebeo kikatoka. Beringi zote na sili akaweka mpya. Hafungi gia mpya kwenye beringi za zamani, na mimi nakubaliana naye.

Kisha ikaja sehemu ambayo ningeweza kuitazama siku nzima. Pinioni inakaa kwa kina fulani, na kina hicho kinapangwa kwa vipande vyembamba vya chuma chini ya beringi yake. Mzee alifunga, akapima nafasi kati ya meno kwa saa ya kupimia yenye sumaku, akitafuta kati ya inchi 0.006 na 0.010, yaani milimita 0.15 hadi 0.25. Kisha akapaka dawa ya njano kwenye meno machache ya krauni, akaizungusha huku akiizuia kwa mkono ili meno yagandamizane, akaangalia alama. Dawa inaondolewa pale meno yanapogusana, na kinachobaki ni doa lenye umbo la yai. Doa likikaa karibu na mzizi wa jino, pinioni imeingia sana. Likikaa kwenye ncha, haijaingia vya kutosha. Alama ya kwanza ilikuwa juu mno. Akafungua kila kitu, akavuta beringi, akaongeza kipande chembamba, akarudia. Doa lilipotulia katikati ya jino, pande zote mbili, ule wa kusukuma na ule wa kuachia mafuta, aliniita nikaangalie. Ukiona fundi anafunga mfuniko bila kukuonyesha doa hilo, muulize. Difu iliyopangwa vibaya itapiga kelele za kuvuma kwenye mwendo wa barabara kuu, ule ule uliobadilishia gia.

Oili ni ya GL-5, 80W-90, pamoja na kile kinyongeza cha klachi za Positraction. Bila hicho gari litagonga na kukwaruza ukikata kona ya polepole. Meno mapya yanasuguana kwa kuteleza, sio kwa kubiringika tu, kwa hiyo yanapata moto mkali mwanzoni. Safari ya kwanza iwe fupi na ya upole, kisha difu iachwe ipoe kabisa, halafu tena. Hakuna kuvuta trela wala kuondoka kwa fujo. Baada ya kilomita 800 hivi oili inamwagwa na kuwekwa mpya.

Kuna jambo moja la usalama ambalo watu husahau. Spidomita inasoma mzunguko wa giaboksi, haisomi tairi. Ukitoka 4.10 kwenda 3.31 bila kubadilisha kile kigia cha plastiki kinachoendesha waya wa spidomita, itasoma chini: gari likiwa kilomita 120, sindano itaonyesha kama 97. Utadhani unakwenda pole huku polisi wa barabara ya I-45 wanakuona vizuri. Kigia ni cha bei ndogo. Kibadilishwe siku hiyo hiyo, na kipimwe kwa GPS ya simu.

Safari za Dallas sasa tunazungumza ndani ya gari. Tunasikia redio. Mke wangu amerudi kwenye kiti chake, na hilo peke yake kwangu limelipa gharama yote.

Watu wananiuliza kwa nini sikuweka giaboksi yenye gia ya nafuu, overdraivi, nikabaki na difu fupi. Ni swali zuri, na kwa wengine ndilo jibu lenyewe. Angalia hesabu hii. Turbo 400 na 4.10, gia ya kwanza inazidisha nguvu mara 10.17. Giaboksi ya 700R4, iliyoanza 1982, ina gia ya kwanza ya 3.06, ifunge na 3.31 unapata 10.13. Kuondoka ni karibu sawa na 4.10. Kisha gia yake ya nne ni 0.70, na kwa kilomita 120 injini inashuka hadi 2,220 hivi. Mbio na safari kwa pamoja. Shida ni kwamba 700R4 za miaka ya mwanzo zilikuwa dhaifu, na nyuma ya 396 lazima iimarishwe ndani, na waya wake wa kupima mafuta, unaoiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, ukipangwa vibaya unaunguza klachi haraka sana. Pia wanaoweka overdraivi na kubaki na 4.10 wakumbuke kwamba kinachopumzika ni injini peke yake. Propela na pinioni bado zinazunguka mara 3,940, na mtetemo wowote wa propela utausikia kwenye sakafu.

Ndiyo maana 3.31 naiona ni gia ya kuanzia kwa kila njia. Turbo 400 yangu ikifika siku ya kufunguliwa, nitaangalia 4L80E, ndugu yake mwenye gia ya nne ya 0.75. Gia ya kwanza ni ile ile 2.48, na kwa 3.31 injini itakaa karibu 2,380 kwenye mwendo wa I-45. Inataka kompyuta yake ndogo ya kuiongoza, kiunzi cha kuishikilia kisogezwe nyuma, na propela ikatwe ifupishwe. Difu haitaguswa.